Baipasi ya moyo: kwa nini mzee apewe mishipa ya mguu wakati ya kifuani inadumu zaidi?

#1 Binti_Tukuyu
Habari za jioni wakuu. Mimi niko Mbeya mjini, mzee wangu yuko Tukuyu, ana miaka 63. Sukari anayo mwaka wa nane sasa, anameza vidonge. Tangu mwaka jana akitoka zizini kupanda hadi nyumbani, mwendo wa mita mia tu, anasimama mara mbili ameshika kifua. Zahanati moja ikamtibu vidonda vya tumbo miezi saba. Mwishowe tukampeleka Dar, wakampitisha waya kwenye mishipa ya moyo, wakakuta mitatu imebana vibaya. Wakasema stenti, vile vibomba vya kuupanua mshipa kwa ndani, hazitamfaa, anahitaji baipasi, yaani apandikiziwe mishipa mingine ipitishe damu pembeni ya palipobana.

Daktari kasema mshipa mmoja wa kupandikiza utatoka kifuani na miwili mguuni. Sasa binamu yangu amesoma huko kwamba ule wa mguuni ni vena, na ikifika miaka kumi karibu nusu yake inakuwa imeziba, wakati ule wa kifuani ni ateri na unadumu miaka na miaka. Kama ni hivyo, kwa nini wasimwekee ateri zote tatu? Ni gharama? Ni ujuzi? Au sisi wa mikoani ndio tunapewa kilichobaki? Tunarudi Dar Jumanne ijayo, nataka niwe na la kuuliza.

#2 Mfinga_Mbao
Kamwene wote. Poleni sana dada. Naweka kambi hapa, baba mkwe naye ana dalili hizo hizo za kusimama njiani.

#3 Fundi_Bomba_Mwanjelwa
Mimi si daktari ila hili naliona kazini kila siku. Ukichukua bomba la PN 6 ukalifunga kwenye laini inayotaka PN 16, siku ya kwanza maji yanatoka vizuri na mwenye nyumba anakusifu. Baada ya muda linavimba, linapasuka au linakaza. Vena imeumbwa kurudisha damu taratibu, ateri imeumbwa kupokea kishindo cha moyo. Unachukua bomba la presha ndogo unalifunga kwenye presha kubwa, unategemea nini? Jibu ni hilo tu.

#4 Parachichi_Njombe
Fundi umesema vizuri lakini mimi nabebesha miche ya parachichi mwaka wa kumi na mbili, na ninachokijua ni kwamba kinachoua ni kiungio. Kikonyo kizuri kikifungwa vibaya kinakauka, kikonyo cha kawaida kikifungwa kwa mkono mtulivu kinashika. Nadhani hata huko kwenye moyo tatizo liko kwenye kuunganisha.

#5 Intan_Nyanda
Habari wadau. Niko mwaka wa mafunzo kwa vitendo baada ya kumaliza udaktari, nimekaa miezi kwenye wodi ya moyo, kwa hiyo nichangie kidogo.

#3 yuko sahihi kwa sehemu. Ukuta wa vena ni mwembamba, na ukiwekwa kwenye msukumo wa ateri unajibu kwa kunenepa kwa ndani. Huwa inakwenda kwa awamu. Mwezi wa kwanza hatari ni damu kuganda ndani ya mshipa mpya. Baada ya hapo hadi kama mwaka mmoja ukuta unaongezeka unene. Miaka inayofuata mafuta yanaanza kujipanga kwenye ule unene, na mafuta ya kwenye vena iliyopandikizwa ni laini, yanabanduka kirahisi.

#4 naye ana hoja kuliko anavyodhani. Ule mshipa wa kifuani wa kushoto hauondolewi mzima. Chanzo chake kinaachwa pale pale ulipozaliwa, chini ya mfupa wa mtulinga, wanakata ncha ya chini tu na kuileta kwenye moyo. Kiungio ni kimoja. Vena inakatwa pande zote mbili, inashonwa kwenye mshipa mkuu upande huu na kwenye mshipa wa moyo upande ule. Tena inabidi igeuzwe kichwa chini, kwa sababu vena ina vali ndani zinazoruhusu damu upande mmoja tu. Usipoigeuza, vali zinafunga njia.

Lakini siri kubwa ya mshipa wa kifuani iko kwenye utando wake wa ndani. Unatengeneza kwa wingi oksidi ya naitriki, ambayo inaulegeza mshipa na kuzuia damu isigande. Ni ateri ambayo hata kwa mtu mwenye mafuta kwenye mishipa ya mwili mzima mara nyingi unaikuta safi. Ikiwekwa kwenye mshipa mkubwa wa mbele ya moyo, zaidi ya asilimia 90 bado ziko wazi baada ya miaka 10. Za vena ni kama nusu, kwa hiyo binamu yako hakukosea.

#6 Mzee_wa_Lori
Mimi hapa ninayeandika nimepandikizwa miaka 11 iliyopita, mmoja wa kifuani na miwili ya mguuni, kama huyo mzee wako. Niliendesha lori Dar hadi Tunduma miaka 26. Mguu wangu wa kushoto una kovu kutoka kifundoni hadi juu ya goti, limenyooka kama zipu. Upande wa ndani wa ugoko hausikii kitu hadi leo, nikiukwaruza kwa kucha ni kama nakwaruza meza. Baridi ya Uyole ya mwezi wa saba ndiyo inaukumbuka.

Mwaka juzi nilipimwa tena. Wa kifuani uko wazi kabisa. Wa mguuni mmoja umeziba wote, mwingine mzima. Na nilipoambiwa kwamba mmoja umeziba nilishangaa, maana sikuwa nimehisi chochote. Kwa hiyo binti usiogope hilo neno nusu. Mshipa kuziba na mtu kufa ni mambo mawili.

#7 Mfinga_Mbao
#6 mkuu hongera kwa miaka 11. Sigara uliacha?

#8 Mzee_wa_Lori
Niliacha siku naingia wodini. Aliyekuwa kitanda cha pili hakuacha. Mishipa yake yote miwili ya mguuni iliziba kabla ya mwaka wa nne. Ndiyo maana hizi habari za ateri na vena nazisikiliza, lakini nasema nusu ya maisha ya mshipa iko mdomoni na mfukoni mwa shati.

#9 Nesi_Mstaafu
Nimekuwa nesi wa chumba cha uangalizi maalumu miaka mingi. Fundi, nikupinge kwa heshima. Ukisimama wima bila kutembea, presha ndani ya vena ya kifundo cha mguu inafika milimita 80 hadi 90 za zebaki, kwa sababu ni uzito wa damu yote kutoka moyoni kwenda chini. Mwalimu anayesimama ubaoni siku nzima, vena zake zimebeba presha hiyo miaka 30. Kwa hiyo si kweli kwamba vena haijui presha.

Binti, kuhusu swali lako la kwa nini wasimwekee ateri zote tatu: za kifuani ziko mbili, kushoto na kulia, na umesema mzee ana sukari. Mfupa wa kidari unaopasuliwa katikati unalishwa damu na hizo hizo ateri mbili. Ukiondoa moja unabaki na nyingine. Ukiondoa zote kwa mtu mwenye sukari, mfupa unaweza kushindwa kuunga, na usaha ukiingia kifuani ni vita nyingine. Nimefunga vidonda vya namna hiyo kwa wiki nyingi, shashi inaingia ndani unaona mapigo ya moyo yanaitikisa. Sitamani mzee yeyote afike huko. Daktari aliyesema mmoja wa kifuani huenda aliwaza hilo, wala si suala la mkoani.

#10 Fundi_Bomba_Mwanjelwa
Nesi nimepokea. Lakini presha ya kusimama imetulia. Tenki la juu ya nyumba lina presha hata usiku lakini bomba halichoki. Kinachochosha bomba ni pampu inayowaka na kuzima, ule mshindo wa maji.

#11 Intan_Nyanda
Fundi hapo umefunga goli. Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku, na kila pigo linavuta na kuachia ukuta. Ndiyo tofauti ya vena ikiwa mguuni na ikiwa moyoni.

#12 Binti_Tukuyu
Ndaga fijo nyote. Nesi umenitoa hofu moja ukanipa nyingine. Basi kama ya pili ya kifuani ni hatari kwa sababu ya sukari, je ile ya mkononi? Binamu anasema kuna ateri ya kwenye kifundo cha mkono.

#13 Msomaji_Uyole
Hapa ndipo napenda. Ateri ya mkononi, upande wa kidole gumba pale wanapopimia mapigo, ilianza kutumiwa na Mfaransa Alain Carpentier miaka ya 1970 mwanzoni, ikaachwa kwa sababu ilikuwa inajikaza ghafla na kuziba. Ikarudi miaka ya 1990 baada ya kupatikana dawa na mbinu za kuitoa bila kuishtua. Mwaka 2018 majaribio sita yaliunganishwa, wagonjwa 1,036, wengine waliwekewa ateri ya mkononi na wengine vena. Baada ya miaka mitano hivi, wa ateri ya mkononi walipata shambulio la moyo kwa uchache na wachache zaidi walirudishwa kwenye matibabu ya mishipa. Kwa vifo vyenyewe tofauti haikuonekana wakati huo.

Sasa shika na hii. Kuna jaribio kubwa la ateri mbili za kifuani dhidi ya moja, watu 3,102 katika nchi saba. Majibu ya miaka 10 yalitoka 2019: waliokufa ni asilimia 20.3 kwa wenye mbili na 21.2 kwa wenye moja. Yaani karibu sawa. Na matatizo ya kidonda cha kidari yalikuwa mengi zaidi kwa wenye mbili, kama alivyosema Nesi.

#14 Intan_Nyanda
Msomaji, ongeza na hili ili watu wasidanganyike. Katika jaribio hilo kama mmoja kati ya saba waliopangiwa mbili aliwekewa moja tu, na zaidi ya mmoja kati ya watano wa kundi la moja waliwekewa pia ateri ya mkononi. Makundi yalichanganyika. Wapo madaktari wanaosema ndiyo maana tofauti haikuonekana, na wapo wanaosema ateri ya kwanza kwenye mshipa wa mbele ndiyo inayobeba faida karibu yote. Ile ya kwanza haina ubishi: Cleveland, Marekani, walitoa hesabu mwaka 1986 kwamba waliopewa vena tupu walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miaka 10 mara 1.6 ya waliopewa ateri ya kifuani kwenye mshipa huo wa mbele.

#15 Mfinga_Mbao
Cleveland ndiko baipasi ilikogunduliwa, sivyo? Yule Mwajentina Favaloro, 1967, na vena ya mguu.

#16 Msomaji_Uyole
Favaloro ndiye aliyeisambaza na kuifanya kazi ya kila siku, lakini Vasilii Kolesov kule Leningrad alishaunganisha ateri ya kifuani kwenye mshipa wa moyo Februari 1964. Na Robert Goetz alifanya New York mwaka 1960. Ona ajabu yake: walioanza walianza na ateri, halafu dunia ikahamia vena kwa sababu ni ndefu, inapatikana haraka na ni rahisi kushona. Imechukua miaka kama 20 kurudi kwenye ateri.

Favaloro kabla ya Cleveland alikuwa daktari wa kijijini kwao Argentina miaka 12, sehemu inaitwa Jacinto Aráuz. Daktari wa kijiji kabisa, wa kuzalisha akina mama na kushona majeraha ya wakulima. Hili huwa nawaambia vijana wanaolalamika kupangiwa Makete.

#17 Kijana_Makete
Makete imeingiaje jamani 😀 Baridi yetu muiache.

#18 Mpunga_Usangu
Wakuu nimesoma wote. Mimi nalima mpunga Mbarali, maisha yangu ni mifereji. Kuna kitu hakijasemwa. Mfereji mpya ukiuchimba pembeni ya mfereji wa zamani ambao bado unapitisha maji vizuri, huo mpya unajaa matope na majani hadi unafungika, kwa sababu maji hayana haja nao. Je, kwenye moyo hakuna hiyo?

#19 Intan_Nyanda
#18 nakuvulia kofia. Ipo, na ndiyo sababu kubwa daktari anaweza kukataa ateri hata kama unaitaka. Ateri iko hai, inajipima na kazi inayopewa. Ukiiunganisha kwenye mshipa wa moyo uliobana kidogo tu, damu ya njia ya zamani inashindana na ya njia mpya, na ateri inanywea inakuwa kama uzi. Ya mkononi ndiyo nyepesi zaidi kunywea. Kwa kawaida wanataka mshipa wa moyo uwe umebana zaidi ya asilimia 70, na ule wa kulia wanapenda hata 90. Vena haijali sana, inapitisha tu. Kwa hiyo Binti, swali la maana la kumuuliza daktari ni: kila mshipa wa mzee umebana kwa asilimia ngapi?

#20 Parachichi_Njombe
Bado narudi kwenye mkono wa fundi. Nimeuliza jamaa yangu anayefanya kazi chumba cha upasuaji, akaniambia vena inapotolewa inavutwa, inamenywa nyama zote za pembeni, halafu inajazwa maji kwa bomba la sindano ili waone kama inavuja. Nikamwambia kikonyo changu ningekifanyia hivyo kingekufa kabla ya jioni.

#21 Msomaji_Uyole
Jamaa yako na wewe mko pamoja na Domingos Souza, daktari wa Örebro, Sweden. Alianza kuitoa vena pamoja na mafuta yanayoizunguka, bila kuimenya wala kuijaza kwa nguvu. Walipofuatilia hadi miaka 16, vena zilizotolewa hivyo asilimia 83 zilikuwa wazi, za kawaida 64, na ateri ya kifuani 88. Yaani vena ikitunzwa inaikaribia ateri. China nao walijaribu kwa watu zaidi ya 2,600, majibu ya 2021 yakaonyesha vena chache zaidi ziliziba ndani ya mwaka. Lakini jaribio la Sweden na Denmark lililotoka 2024 halikuona tofauti ya maana baada ya miaka miwili, na vidonda vya mguuni vilisumbua zaidi kwa sababu nyama nyingi inatolewa.

#22 Nesi_Mstaafu
Na mguu wenye sukari haupendi kidonda kirefu. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

#23 Tiba_Asili_Ipogolo
Mishipa yote hii inazibuka kwa kitunguu saumu na ndimu, punje saba asubuhi kabla ya kula. Upasuaji wa nini?

#24 Mzee_wa_Lori
Ndugu yangu wa Ipogolo, nilikula vitunguu hivyo miezi minne, mke wangu akahamia chumba cha watoto, na mishipa ikaendelea kubana. Kitunguu ni mboga nzuri. Kilichoulinda huu mshipa wangu wa mguuni uliobaki ni aspirini kila siku na kidonge cha lehemu kila usiku, sijaruka tangu nitoke. Binti, mwambie mzee vidonge hivyo haviachwi hata akijisikia mzima kama ng'ombe dume.

#25 Intan_Nyanda
Hilo ni la kweli kabisa. Dawa za kushusha lehemu zinapunguza kasi ya vena kuziba, ilishaonekana tangu miaka ya 1990. Turudi kwa mzee. Binti, ule waya wa kipimo walipitishia wapi, pajani au mkononi? Na mkono gani?

#26 Binti_Tukuyu
Mkononi, wa kulia. Bado ana kialama kidogo. Kwa nini?

#27 Intan_Nyanda
Kwa sababu ateri iliyopitishwa waya inakuwa imekwaruzwa kwa ndani, haishauriwi kuipandikiza. Basi inabaki ya kushoto, na kwa bahati huwa wanapendelea mkono wa kushoto kwa kuwa wengi hawautumii sana.

#28 Nesi_Mstaafu
Kabla ya kuichukua lazima wahakikishe kiganja kitabaki na damu ya kutosha kutoka ateri ya upande wa kidole kidogo. Kuna kipimo cha mkono mtupu. Mgonjwa anakunja ngumi kwa nguvu, unabana ateri zote mbili kifundoni kwa vidole gumba, anakunjua, kiganja kinakuwa kimepauka. Unaachia ya upande wa kidole kidogo peke yake na kuhesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde chache. Wataalamu wataongeza na mashine, kwa hiyo usikate shauri kwa hicho pekee.

#29 Binti_Tukuyu
Nimeshuka Tukuyu jana. Tulikaa barazani, nikambana kifundo kama Nesi alivyoelekeza. Kiganja cha mzee kina sugu hadi mikunjo haionekani vizuri, lakini kilipauka kweli, na nilipoachia upande mmoja wekundu ulirudi nikiwa nimehesabu nne. Mzee akacheka, akasema nimfanyie tena.

Ila kuna kitu kimenishtua wakuu. Mzee ana mashoto. Kukamua, panga, kuandika, kula kwa kijiko, vyote ni kushoto. Sikuwahi kulifikiria hadi niliposhika ule mkono.

#30 Msomaji_Uyole
Daah. Kwa hiyo wa kulia umeshapita waya, wa kushoto ndio wa kazi. Ya pili ya kifuani sukari inazuia. Mguuni sukari inatishia kidonda.

#31 Fundi_Bomba_Mwanjelwa
Hapo mimi nanyamaza.

#32 Intan_Nyanda
Si kwamba mkono wa kazi haugusiki kabisa. Wapo wanaotolewa na wanaendelea kuutumia, wengine wanabaki na ganzi kidogo upande wa kidole gumba. Na ateri za kifuani zikitolewa peke yake bila nyama ya pembeni, kidari kinapata nafuu hata kwa mwenye sukari, mradi sukari imedhibitiwa. Ila hayo ni ya daktari mwenye picha za mzee mkononi.

#33 Nesi_Mstaafu
Nami nasema vena mbili kwa mtu wa miaka 63 anayemeza dawa zake si hukumu. Nimewaona wakirudi kliniki mwaka wa kumi na tano.

#34 Parachichi_Njombe
Mimi ningeomba wamtolee vena kwa upole wa Souza. Nimeishia hapo.

#35 Binti_Tukuyu
Nimeandika kwenye daftari: mashoto, waya mkono wa kulia, sukari mwaka wa nane, na swali la asilimia za kila mshipa. Nimemuuliza mzee mwenyewe kama atakubali mkono wa kushoto ukihitajika. Akasema, "Mkono huu ndio unaokamua. Lakini nikisimama kila hatua ishirini kutafuta pumzi, ng'ombe hakamuliwi na mkono wowote." Kisha akauliza baada ya upasuaji atakaa muda gani bila kukamua.

#36 Mzee_wa_Lori
Mwambie miezi mitatu, kidari kiunge kwanza, asibebe hata ndoo ndogo. Na wakati wa kurudi msimkalishe siti ya nyuma ya basi. Mimi nilirudi kwa basi, kila tuta la barabarani nilihisi kifua kinafunguka, na mlima wa Kitonga ulikuwa safari ya peke yake. Kilichoniokoa ni mto mdogo, unaukumbatia kifuani kwa mikono miwili ukikohoa au gari likiruka. Wangu mke wangu aliushona kwa kitenge, nimeutunza hadi leo. Niko Uyole, nitumie ujumbe wa pembeni, Jumatatu jioni nitakuletea stendi.